Nyumba moja, siri mbili: MC wa kicheni pati, dawa za kushusha kinga na kikohozi cha baba mdogo

Ukimwona jukwaani huwezi kudhani. Kitenge kimekaa, kilemba kimepanda juu, kipaza sauti mkono wa kulia, na sauti ile ambayo wanawake wa Sinza, Tabata na Mbezi wanaitambua hata kabla hawajageuka kuangalia. Akisema, "Akina mama, vigelegele viko wapi?" ukumbi mzima unaitika. Kwa miaka kadhaa mdada huyu alikuwa kati ya MC wa kike wanaotafutwa sana Dar es Salaam kwa kicheni pati na sendofu. Jina lake libaki hukohuko ukumbini.

Ambacho wageni hawakukiona ni kwamba kila shughuli alifika saa nzima mapema. Watu wa muziki walidhani anakuja kujaribu spika. Kumbe alikuwa anatafuta choo kiko wapi, na ni hatua ngapi kutoka jukwaani.

Ilianza kama tumbo la kawaida la mjini. Alikula chipsi mayai usiku baada ya shughuli, kesho yake akaharisha. Duka la dawa la jirani wakampa Flagyl, ikatulia siku nne, ikarudi. Mara ya pili akaambiwa ni amiba. Mara ya tatu akaambiwa ni taifodi. Mara ya nne ikaja na damu na ute, mara sita, mara nane, mara kumi kwa siku, na usiku haimwachi alale. Mama yake akasema hilo ni chango, akaagiza mizizi ya kuchemsha kutoka Handeni. Shangazi mmoja akasema ni wivu, kuna MC mwenzake kamtupia kitu. Kilo zikaondoka, madera yakaanza kuning'inia.

Alipima VVU mara tatu, vituo vitatu tofauti, na mara zote majibu yakasema hana. Lakini kwenye kazi ya jukwaani hakuna mtu anayesoma majibu ya karatasi. Watu wanasoma mashavu.

Alikaa hivyo karibu mwaka na nusu, mpaka daktari mmoja wa zamu, kijana tu, alipomwuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza: "Dada, damu hii ina muda gani?" Alipotaja muda, kijana akaweka kalamu chini. Akamwandikia rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa chakula. Kule akapitishwa kipimo cha kamera, ule mpira mwembamba unaoingizwa kwa njia ya haja kubwa, na vipande vidogo vya nyama vikachukuliwa kupelekwa maabara.

Jibu lilikuwa kolaitisi ya vidonda. Ni mmoja wa ndugu wawili wakubwa wa magonjwa ya uvimbe wa utumbo. Mwingine unaitwa ugonjwa wa Crohn. Kolaitisi hukaa kwenye utumbo mpana, Crohn inaweza kushika popote kuanzia mdomoni mpaka mwisho wa njia. Yote mawili yana tabia moja: kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na wadudu, inaugeukia utumbo wenyewe na kuushambulia. Hauambukizi. Haujatoka kwa MC mwenzake wala kwa chipsi mayai. Na hauna dawa ya kumeza wiki moja ukasahau. Unatulizwa, unaishi nao.

Hapo ndipo neno moja lilipoleta mkanganyiko wa miaka. Daktari alisema "vidonda kwenye utumbo mpana". Mdada alipofika nyumbani akasema "vidonda", na kila mtu akasikia "vidonda vya tumbo", vile vya asidi. Kesho yake jikoni kulikuwa na juisi ya kabichi, maharage yamepigwa marufuku, na jirani kaleta asali. Hakuwasahihisha. Vidonda vya tumbo ni ugonjwa wa heshima mjini, kila mwenye mawazo anao. Ugonjwa wa kutoa damu nyuma ni habari nyingine kabisa.

Daktari bingwa wake, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, hakukimbilia kumpa dawa. Kabla ya vidonge vya steroidi aina ya predinisoloni, alitaka vipimo kadhaa: choo, damu, homa ya ini aina ya B, VVU tena, na picha ya kifua. Mdada akachoka. "Daktari, mimi nadondoka damu, nyie mnanipima minyoo?"

"Mdogo wangu, nataka kwenda kuwatuliza askari wako wa mwili," daktari akamjibu. "Kabla sijawalaza usingizi, lazima nijue nani amejificha ndani ya nyumba."

Kisha akamweleza. Huku kwetu kuna mnyoo mdogo unaoitwa strongiloidesi, unaingia kupitia ngozi, hasa kwa watu waliokua wakikanyaga udongo pekupeku. Unaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kelele. Mtu huyo akipewa steroidi bila kutibiwa mnyoo, unazaliana bila breki, unatoboa kutoka utumboni na kuburuta bakteria mpaka kwenye damu. Watu wamekufa hivyo. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuwa vimetulia, kinga ikishuka vikaamka. Na kuna TB. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa TB, wengi wao bila kuumwa kabisa, kwa sababu mwili umewafungia. Tanzania imo kwenye orodha ya shirika hilo ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Hapa hata utumbo wenyewe ukiuma lazima ujiulize, maana TB ya utumbo na Crohn vinafanana sana hata kwenye kamera, na kumpa mwenye TB steroidi akidhaniwa ana Crohn ni kumwagia petroli motoni.

Mnyoo ulionekana. Akapewa aivamekitini kwanza, akapona. Ndipo predinisoloni ikaanza, pamoja na mesalazini, dawa ya kutuliza utumbo wenyewe ambayo haishushi kinga ya mwili mzima.

Ndani ya siku chache damu ikakata. Kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na nusu alilala usiku mzima. Daktari akamwandikia kwenye karatasi mambo ya kushika: homa ikifika 38 usisubiri kesho, usijitibu duka la dawa, mwambie kila anayekuhudumia kwamba unatumia dawa za kushusha kinga, usichome chanjo zenye virusi hai kama ya homa ya manjano bila kuuliza, ukikaa karibu na mtu mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, sema. Na chini kabisa akaandika: watu wa nyumbani wajue.

Hilo la mwisho ndilo lililomshinda.

Kazi ya MC ni kazi ya kuonekana mzima. Kamati ya kicheni pati inamlipa mtu atakayefika, atakayesimama saa sita, atakayecheza na mama mkwe. Ikisikika kwamba anatumia dawa za "kushusha kinga", watu wangesikia neno kinga tu, na wangeshamaliza kazi ya kufikiri. Akachukua chupa ya vidonge vya nywele na kucha, akamwaga vilivyokuwemo, akajaza dawa zake. Ile karatasi ya daktari akaikunja ndogo, akaiingiza chini ya godoro.

Cha kuchekesha ni kwamba steroidi zilimpendezesha. Uso ulijaa, ukawa wa duara, mashavu yakang'aa. Kwenye Instagram watu wakaandika: umenawiri bidada, nani anakutunza, tupe siri ya mafuta. Akawa anajibu kwa vicheko. Hakuna aliyejua kwamba uso ule ni alama ya dawa, ile ambayo madaktari hulinganisha na mwezi mpevu.

Lakini steroidi si dawa ya kukaa nayo. Zinakula mifupa, zinapandisha sukari na presha. Kila daktari alipopunguza dozi, damu ilirudi. Ndipo akaongezewa azathiopurini, dawa inayofanya kazi polepole na kumwezesha mtu kuachana na steroidi. Nayo inashusha kinga, kwa njia yake. Akawa anapima damu mara kwa mara, chembe nyeupe zisije zikashuka mno. Mambo yakaenda. Akanunua gari dogo. Shughuli zikawa mbili kwa wikiendi, mara nyingine tatu.

Mwezi wa saba baada ya kuanza azathiopurini, usiku mmoja ubavu wa kushoto ukaanza kuwaka kama umepakwa pilipili. Alidhani ni nguo ya kubana. Siku ya tatu vikatoka vipele vya maji, vimejipanga mstari kutoka mgongoni kuja chini ya titi. Alikuwa na sendofu jioni hiyo, gauni lenye mgongo wazi, na alishachukua fedha za utangulizi. Akapaka poda, akapanda jukwaani.

Picha ya mgongo wake ilikuwa kwenye magrupu ya WhatsApp kabla keki haijakatwa. "Mkanda wa jeshi huo." "Si mnakumbuka alivyokonda mwaka ule?" "Halafu akanenepa ghafla, ndio ARV hizo." Mkanda wa jeshi Tanzania umebeba historia nzito, miaka ile ya tisini watu waliuona kwa wagonjwa wengi wa UKIMWI, na tangu hapo ukitokea mwilini mwa mtu, mtaa mzima unajipa cheo cha udaktari. Ukweli ni kwamba virusi vyake ni vilevile vya tetekuwanga. Ukishaugua tetekuwanga utotoni, vinabaki vimelala kwenye mishipa ya fahamu maisha yako yote. Kinga ikishuka kwa sababu yoyote, iwe uzee, VVU, saratani au azathiopurini, vinaweza kuamka. Dawa yake ipo, asikloviri, na inafanya kazi vizuri ikianza ndani ya siku tatu za kwanza.

Yeye siku hizo tatu alizimalizia kwenye poda.

Kamati mbili zikamfuta. Moja ilimwambia kwa adabu kwamba bibi harusi amepata MC wa familia. Ya pili haikumwambia kitu, aliona tu bango jipya lenye picha ya mwingine. Angeweza kusema siku ile: jamani, nina kolaitisi, natumia dawa hii, na mkanda huu umetokana nayo. Badala yake akaikasirikia dawa. "Kama si hivi vidonge, nisingeaibika." Akaviacha kimya kimya, bila kumwambia daktari. Wiki za mwanzo hakuona tofauti, akajipongeza. Mwezi wa tatu damu ikarudi kwa kishindo, akalazwa.

Wodini daktari hakumfokea. Alikaa pembeni ya kitanda, akamwambia kwamba mkanda wa jeshi ulikuwa wa kutibiwa na kumalizika, lakini utumbo ukiachwa uwake hivi unaweza kuishia kukatwa wote. Akamrudisha kwenye steroidi za dozi kubwa. Kisha akamtajia hatua inayofuata endapo vidonge vitashindwa: dawa ya dripu iitwayo infliksimabu, kama familia itaimudu, maana bei yake si ya mchezo.

Na hapo akarudi tena kwenye TB, safari hii kwa kirefu.

Bakteria wa TB wakiingia mwilini, askari wa kinga huwazungushia ukuta na kuwafungia humo. Protini moja iitwayo TNF ndiyo kama saruji ya ukuta huo. Protini hiyohiyo ndiyo inayochochea moto kwenye utumbo wa mgonjwa wa Crohn na kolaitisi. Infliksimabu inaikamata TNF. Moto unazimika, lakini saruji nayo inaondoka. Marekani iliiidhinisha dawa hiyo kwa ugonjwa wa Crohn mwaka 1998, na mwaka 2001 jarida la New England Journal of Medicine likachapisha ripoti ya wagonjwa 70 walioumwa TB baada ya kuianza. Wengi walikuwa wa baridi yabisi, wengine wa Crohn. Wengi waliugua kabla hawajavuka dripu ya tatu, na zaidi ya nusu TB yao ilikuwa nje ya mapafu. Tangu hapo, kuisaka TB iliyolala kabla ya dripu hiyo ikawa sheria.

"Hata steroidi ulizonazo sasa zinaongeza hatari hiyo," daktari akasema. Alimchoma sindano ndogo ya ngozi mkononi, ile inayosomwa baada ya siku mbili au tatu. Haikuvimba. "Ila usifurahi sana. Mtu akiwa kwenye steroidi, kipimo hiki kinaweza kudanganya, kwa sababu askari wanaotakiwa kuvimbisha ngozi ndio haohao tumewalaza. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Nyumbani kuna mtu anakohoa?"

Kulikuwa na mtu anakohoa.

Baba yake mdogo alikuwa amekuja kutoka Kondoa miezi mitatu nyuma, amedhoofu, na familia ikaambiwa ni pumu imemkamata. Alilala sebuleni kwenye kochi. Usiku kikohozi chake kilisikika mpaka chumba cha mwisho. Mdada huyu ndiye aliyekuwa anamchemshia tangawizi, anamkandia mgongo, anakaa naye kuangalia taarifa ya habari madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya mbu. Alimpenda mzee yule. Baada ya baba yake kufariki, ndiye aliyemlipia ada ya sekondari kwa kuuza ng'ombe.

Kusema "ndiyo" kungemaanisha watu wa afya waje nyumbani, mzee apimwe, mtaa uone. Na kungemaanisha kueleza nyumbani kwa nini daktari wa vidonda vya tumbo anauliza habari za TB.

"Hakuna, daktari," akasema.

Aliruhusiwa baada ya wiki moja na nusu. Utumbo ulitulia kwa vidonge, dripu ikawekwa kiporo. Wiki ya sita nyumbani akaanza kuchomwa ubavu wa kulia kila akivuta pumzi. Jioni mwili unachemka kidogo, si sana. Steroidi zina ubaya huo pia, zinaficha homa. Moto mkubwa ndani unaonekana nje kama joto la kawaida. Akameza panadol, akaenda kuongoza kicheni pati moja Kunduchi. Usiku shuka zikawa zinalowa jasho. Duka la dawa wakampima malaria, hana, wakampa dawa ya malaria hivyohivyo na antibayotiki juu yake. Karatasi iliyosema "usisubiri kesho" ilikuwa chini ya godoro alilolalia.

Siku ya kumi na mbili aliishiwa pumzi kwenye ngazi tatu za mlango wa nyuma. Mama yake akamkuta amekaa chini, midomo imebadilika rangi. Bajaji, hospitali, oksijeni. Daktari wa mapokezi akauliza: "Mama, anatumia dawa gani?"

"Za vidonda vya tumbo," mama akajibu. "Na za nywele."

Kama si yule muuguzi aliyemkumbuka kutoka wodini na kwenda kufungua faili lake, wangeendelea kumtibu nimonia ya kawaida. Picha ilionyesha upande wa kulia wa kifua umejaa maji. Wakamvuta, yakatoka ya manjano kama chai ya rangi nyepesi, wakachukua na kipande cha utando unaozunguka pafu. TB ya utando wa mapafu. Makohozi yake yalikuwa safi, maana bakteria hawakuwa mahali pa kukohoa wakatoka.

Daktari bingwa wake alikuja jioni, akauliza tena swali lile, safari hii mbele ya mama. Mama akageuka kumwangalia binti yake, kisha akaangalia sakafu. "Shemeji yangu anakohoa," akasema. "Lakini ni pumu."

Haikuwa pumu. Mzee aliitwa, na alipofika alikaa kwenye benchi la nje muda mrefu kabla ya kuingia. Kule nyumbani alishapimwa akakutwa na TB, akaanza dawa, akameza miezi miwili. Alipojisikia mzima na majirani walipoanza kunong'ona, akaziacha. Kikohozi kiliporudi, aliona afadhali aje Dar ambako hakuna anayemjua. Kadi yake ya matibabu alikuwa nayo siku zote, ameifunga kwenye mfuko wa rambo, ndani ya begi lililokuwa nyuma ya kochi la sebuleni.

Yaani nyumba moja, siri mbili. Kadi nyuma ya kochi, karatasi chini ya godoro, ukuta mmoja katikati. Kimoja tu kati ya hivyo kingetoka nje mapema, kisingefika hapo.

"Mwanangu, nimekuua," mzee alisema mlangoni, hakutaka kusogea karibu.

Ilimchukua muda kupata pumzi ya kujibu. "Baba, wewe uliniuliza lini nikakwambia ukweli? Hata mimi nilikuficha."

Mzee akapimwa kwa mashine ya GeneXpert, ile inayoonyesha pia kama bakteria wamekuwa sugu kwa dawa kuu ya rifampisini, maana mtu aliyekatiza dozi yuko kwenye hatari hiyo. Bahati ilikuwa upande wao, hawakuwa sugu. Akaanzishwa upya. Dawa za TB Tanzania ni bure, na dozi yake ni miezi sita. Wote wawili wakaanza wiki moja. Mtoto wa mdada huyu, wa miaka minne, aliyekuwa anapenda kulala kifuani kwa babu yake akiangalia katuni, alipimwa akaonekana hana ugonjwa, akapewa dawa ya kinga kama inavyotakiwa kwa watoto wadogo waliokaa na mgonjwa.

Kwa mdada mwenyewe hesabu ilikuwa ngumu zaidi. Azathiopurini ilisimamishwa. Steroidi hazikuweza kukatwa ghafla, na rifampisini inaharakisha ini kuziondoa mwilini, kwa hiyo dozi iliyokuwa inatosha jana leo haitoshi. Daktari alikuwa anacheza katikati ya mioto miwili: akitoa kinga nyingi TB inashinda, akiiachia utumbo unachanika. Kulikuwa na wiki za damu na mkojo wa rangi ya chungwa kwa pamoja. Aliuza gari. Shughuli hazikuwepo, na watu wachache walipiga simu kuuliza hali.

Alipomaliza miezi sita picha ya kifua ilikuwa nzuri, kovu dogo tu pembeni. Akarudishiwa azathiopurini, kwa uangalizi. Aliitaka mwenyewe. Watu wengi wanaosikia kisa chake hushangaa hapo: dawa ikufikishe huko, halafu uirudie? Lakini anajua maisha bila dawa hiyo yalivyokuwa. Kolaitisi isiyotulizwa ilimwibia mwaka na nusu, na ikiachwa miaka mingi inaongeza hatari ya saratani ya utumbo. Dawa ilimtaka aishi kwa macho, na yeye alikuwa ameificha kwenye chupa ya nywele, akabaki peke yake kujua macho hayo yanatakiwa kuangalia wapi.

Shughuli ya kwanza aliyorudi nayo ilikuwa kicheni pati ya binti wa rafiki yake, ukumbi mdogo, watu sitini hivi. Makungwi walishamaliza mafunzo yao ya usafi, mapishi na chumbani. Ikabaki nafasi ya MC kusema neno kwa bibi harusi kabla ya zawadi. Kawaida yake hapo alikuwa na utani wa kabati la vyombo. Safari hii alishika kipaza sauti akakaa kimya kidogo, mpaka kijana wa muziki akadhani betri imeisha.

"Mwali, mumeo akijua nywila ya simu yako ni sawa, asipoijua ni sawa," akasema. "Lakini dawa unazomeza, azijue. Na za kwake uzijue. Mimi hapa mlinisema nina ngoma. Sina. Nina ugonjwa wa utumbo, nakunywa dawa za kushusha kinga, nimepata mkanda wa jeshi, nimepata TB, nimepona. Kilichotaka kuniua ni kwamba mama yangu mzazi aliulizwa natumia dawa gani, akasema za nywele."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mtu mmoja alicheka, akaacha. Kisha wakaendelea na zawadi, friji likaingia, watu wakacheza.

Wakati wa chakula mama mmoja mtu mzima alimfuata karibu na choo, akamshika mkono. Ana baridi yabisi, miaka minne anatumia metotrekseti na steroidi, na kaka yake amekuja kukaa kwao, anakohoa tangu mwezi uliopita. Wanasema ni vumbi la barabara. Je, aseme?

"Sema leo, mama yangu. Usisubiri tufunge ukumbi."

Nyumbani kwao sasa zile dawa zimehama. Ziko juu ya friji, kwenye sahani ya bati, kila mmoja na zake, na ile karatasi ya daktari imebandikwa kwenye mlango wa friji, bado ina mikunjo. Mzee alishamaliza dozi yake na kurudi Kondoa, lakini kila asubuhi saa moja hupiga simu. Mama anaweka spika, na kabla hata ya salamu sauti ya mzee inauliza kutoka kule: "Huyo mtoto ameshakunywa?"